Usiandike "Shwari": Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wauguzi wa Zamu na Wanaowasimamia

Usiku mmoja, miaka mingi iliyopita, nilikuwa muuguzi pekee kwenye wodi yenye wagonjwa 38. Nilikuwa na mhudumu wa afya mmoja, naye tangu saa sita alikuwa akisukuma machela kwenda maabara na kurudi. Ilipofika saa kumi alfajiri nilivuta dawa kwenye bomba la sindano, nikaenda kitandani, nikamfunga mgonjwa mpira mkononi. Mzee yule akanitazama, akasema taratibu: "Mwanangu, hiyo ni yangu kweli? Jana daktari aliniambia sindano zangu zimekwisha."

Haikuwa yake. Ilikuwa ya mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Asubuhi nilikabidhi wodi. Kwenye kitabu cha ripoti niliandika idadi ya wagonjwa, waliolazwa usiku, aliyefariki na dripu zilizobadilishwa. Mwisho kabisa, kama tulivyozoea, nikaandika: "Usiku ulikuwa shwari."

Neno hilo moja nalijutia kuliko ile sindano. Sindano ilizuiwa na mzee. Neno halikuzuiwa na mtu. Lilipanda hadi ofisi ya matroni, likapanda hadi kwa mganga mfawidhi, na kila aliyelisoma akaamini kwamba muuguzi mmoja anawatosha wagonjwa 38. Mwezi uliofuata ratiba ilipangwa vilevile.

Baadaye nilikuwa matroni mimi mwenyewe, nikasoma "shwari" nyingi zilizoandikwa na mikono iliyotetemeka kwa uchovu. Kwa hiyo haya ninayoyaandika si mawaidha, ni masharti. Uvumilivu ni sifa njema ya mtu, lakini haujawahi kuwa mizani ya kupimia mzigo. Anayebeba kimya anaficha uzito wa alichobeba, na atakayempokea atatwishwa uleule.

KWA MUUGUZI

1. Jua jina la kinachokumaliza.

Tukiulizwa hali, tunajibu "nimechoka tu". Kuchoka kwa kawaida kunaisha ukilala. Kuna kuchoka kusikoisha. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, lilieleza hali ya kuchakaa kwa kazi kwa alama tatu: nguvu zimekwisha, moyo umejitenga na kazi au umeichukia, na mtu haoni tena kama kazi yake ina tija. Shirika halikuiita hali hiyo ugonjwa. Liliiweka miongoni mwa mambo yanayotokana na ajira, likasema chanzo chake ni msongo sugu wa kazini ambao haukushughulikiwa. Halikutaja unyonge wa mtu, malezi yake wala upungufu wa sala zake. Jichunguze kwa alama hizo tatu kila mwisho wa mwezi. Ukizikuta zote, umeumia kazini, na umeumia kweli, kama aliyeteleza kwenye sakafu ya wodi iliyomwagikiwa maji.

2. Usimwite mgonjwa kwa namba ya kitanda.

"Kitanda namba saba anataka maji." Hiyo ndiyo sauti ya alama ya pili. Namba huingia ulimini kabla mwenyewe hujagundua kwamba moyo umeshafunga mlango. Mwite kwa jina lake, na kama ni mtu mzima kwako, mwanzie na mama au mzee. Jina linamtunzia heshima yeye, nawe linakukinga na kosa kama langu la sindano. Siku utakayojikuta huna hata hamu ya kusoma jina kwenye faili, usijifiche. Mwambie inchaji wako siku hiyohiyo kwamba unahitaji kupumzishwa.

3. Lala kwa saa na kwa kipimo, kama unavyotoa dawa.

Mwili hausomi ratiba ya zamu. Kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri joto la mwili hushuka na akili hupoteza wepesi wake, hata kwa aliyezoea usiku kwa miaka 20. Watafiti waliowapima watu waliokaa macho kwa takribani saa 17 mfululizo waliwakuta wakikosea kama watu wenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Hakuna anayeruhusu mlevi aguse kabati la dawa.

Kwa hiyo ukitoka zamu ya usiku nenda nyumbani moja kwa moja. Sokoni utakwenda jioni. Funga pazia zito, zima simu, waage watoto na majirani kama mtu anayesafiri. Acha chai ya rangi na kahawa saa sita kabla ya kulala. Ukiwa zamuni, mwenzako akiwa macho na wodi ikiruhusu, pumzika dakika 20. Mwaka 2007 wakala wa Shirika la Afya Duniani wa utafiti wa saratani, IARC, uliiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2019 ukaibakiza hapohapo. Hospitali haiwezi kufungwa usiku, kwa hiyo zamu zako zikiisha usitafute nyingine.

4. Usiunganishe zamu na zamu.

Najua kwa nini unafanya hivyo. Ada ya mtoto, kodi ya nyumba, mkopo wa kiwanja. Asubuhi uko hospitali ya serikali, jioni uko zahanati ya mtu binafsi, usiku unamshikia zamu mwenzako aliyefiwa. Chukua karatasi ujumlishe saa zako zote za wiki, bila kujidanganya. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu yao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyozidi kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 peke yake, vifo vilivyotokana na saa hizo ndefu vilikadiriwa kuwa 745,000 duniani. Kama huwezi kuacha kibarua cha pili leo, kipunguze mwezi huu kwa zamu moja, na mwezi ujao kwa nyingine. Mtoto anayelipiwa ada anamhitaji pia mzazi wa kuhudhuria mahafali.

5. Ukichomwa na sindano, ripoti saa hiyohiyo.

Mikono iliyochoka ndiyo inayochomwa. Osha jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, usilikamue, kisha mwambie inchaji na uende kupimwa. Dawa za kujikinga na VVU zinafaa kuanzwa ndani ya saa chache, hazianzwi baada ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Andika tukio hilo kwenye kitabu: saa, mahali, na idadi ya saa ulizokuwa kazini. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu. Kama hukuimaliza, imalize. Aibu ya kuonekana mzembe imewafanya wauguzi wengi wanyamaze, na saa 72 hazimsubiri mtu amalize aibu yake.

6. Usimnyanyue mgonjwa peke yako.

Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani walikadiria kwamba muuguzi asinyanyue kwa mikono uzito wa mgonjwa unaozidi kilo 16 hivi, tena mazingira yakiwa mazuri. Hakuna mtu mzima mwenye kilo 16. Tumia shuka la kugeuzia, ita mtu wa pili, pandisha kitanda kama kinapanda, piga goti badala ya kukunja mgongo. Ndugu wa mgonjwa aliyepo wodini mwelekeze namna ya kushika. Mara nyingi anafurahi kupewa la kufanya. Mgongo ukishaharibika hakuna posho inayoununua.

7. Usijitibu kwa kabati la dawa.

Funguo ziko mfukoni mwako na usingizi umegoma. Kidonge kimoja cha kulalia, halafu kimoja cha maumivu makali, na baada ya miezi mitatu huwezi kwenda zamu bila hicho. Nimewaona wauguzi hodari wakiisha hivyo, na nimewaona wengine wakiisha kwa chupa ya pombe ya kutolea uchovu. Dawa ya wodi ni ya wagonjwa wa wodi. Ukiihitaji, nenda ukaandikishwe, uketi kwenye benchi kama mgonjwa na umwone daktari.

8. Pima presha yako mwenyewe.

Unapima presha za watu 38 kila zamu. Yako uliipima lini? Msongo unapodumu, mwili huendelea kumwaga adrenalini na kotisoli kana kwamba kuna simba mlangoni. Moyo hukimbia, mishipa hukaza, sukari hupanda kwenye damu, usingizi hukatika. Kwa siku moja hiyo ni kinga. Ikiendelea kwa miaka, inasaidia kuleta presha na kisukari. Pima presha kila mwezi na sukari kila mwaka, uandike kwenye daftari lako. Na tumbo likiuma usiseme tu "ni vidonda vya mawazo" ukaendelea na zamu. Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria aina ya Helicobacter pylori ndiye chanzo cha vidonda vingi vya tumbo. Kapimwe, utibiwe.

9. Chukua likizo yako yote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya Tanzania Bara, inakupa siku 28 mfululizo kwa mwaka. Iombe kwa maandishi, ubaki na nakala. Ukiwa likizo, toka kwenye kundi la WhatsApp la wodi au lizime sauti. Wodi haitakufa bila wewe. Na kama kweli itakufa bila mtu mmoja, basi hilo mwenye hospitali anapaswa kulijua, na atalijua ukiwa haupo.

10. Usibaki peke yako na wazo la kufa.

Linakuja kwa watu wazuri, wacha Mungu na wachapa kazi. Likikujia, liseme leo kwa mtu mmoja unayemwamini, kisha nenda naye hospitali ukaonane na mtaalamu wa afya ya akili. Kama unaogopa kujulikana kwenye kituo chako, nenda kituo kingine, lakini nenda.

KWA INCHAJI, MATRONI NA PATRONI

11. Hesabu wauguzi kabla ya kuhesabu mashuka.

Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wao wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Walikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi anaambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Papo hapo uwezekano wa muuguzi kuchakaa unapanda kwa asilimia 23, na wa kutoridhika na kazi yake kwa asilimia 15. Soma tena mpangilio huo: mgonjwa, muuguzi na furaha ya kazi vinashuka kwa pamoja, kwa sababu ileile moja. Jimbo la California liliweka idadi ya wagonjwa kwa muuguzi kwenye sheria, na tangu mwaka 2005 muuguzi wa wodi ya kawaida huko hapewi wagonjwa zaidi ya watano kwa wakati mmoja. Wodi zetu ziko mbali na tano. Hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuhesabu kila siku na kupeleka hesabu hiyo juu kila wiki.

12. Usimwadhibu hodari kwa kumwongezea kazi.

Kila wodi ina mmoja asiyekataa. Anayepata mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji, anayetuliza ndugu wenye hasira, anayeitwa hata siku yake ya mapumziko. Umemzoea, kwa hiyo unamwita yeye. Baada ya miaka miwili anaomba uhamisho, au anakuwa mtu wa kununa, nawe unashangaa kilichompata. Kilichompata ni wewe. Gawa usiku na sikukuu kwa haki, na aliyefanya zaidi apumzishwe zaidi. Cheti cha mfanyakazi hodari siku ya Mei Mosi ni kizuri, lakini hakilali badala yake.

13. Wape usemi kwenye ratiba.

Mwaka 1979 Robert Karasek alionyesha kwamba kazi inayoumiza kupita zote ni ile yenye madai mengi huku anayeifanya hana uamuzi juu yake. Uingereza, uchunguzi wa Whitehall ulioanza mwaka 1967 kwa watumishi wa serikali wapatao 18,000 ulionyesha kwamba wa ngazi za chini walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya wakubwa wao. Watu walikuwa wamezoea kudhani bosi ndiye anayekufa kwa msongo. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985 chini ya Michael Marmot, ulikuta kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo inafungamana na mtu kutokuwa na usemi juu ya kazi yake mwenyewe.

Kumpa muuguzi usemi hakuhitaji bajeti. Toa ratiba wiki mbili kabla. Acha wabadilishane zamu kwa makubaliano na saini. Waulize wao wenyewe dawa zipangwe vipi na meza ya kuandikia ikae wapi. Nilipoanza kufanya hivyo, malalamiko ya wagonjwa kwenye wodi zangu yalipungua, na sikuwa nimeongezewa muuguzi hata mmoja.

14. Usimfokee muuguzi mbele ya mgonjwa.

Wala mbele ya daktari, wala mbele ya wanafunzi. Ukimvunjia heshima saa mbili asubuhi, wagonjwa wake ndio watakaolipa hadi saa nane. Mwite pembeni, funga mlango, uliza kwanza, sema baadaye. Na ndugu wa mgonjwa wakimtukana, simama wewe mbele yake. Ukubwa wako ni wa kazi hiyo.

15. Kosa likitokea, uliza saa kabla ya kuuliza jina.

Alikuwa amefanya kazi saa ngapi? Alikuwa na wagonjwa wangapi? Alikula saa ngapi? Dawa mbili zinazofanana zilikaa rafu moja? Ukianza na "nani kafanya?", utampata mtu mmoja wa kuandikiwa barua, na wote waliobaki watajifunza kuficha. Hata mimi sikulisema kosa langu la usiku ule, kwa sababu nilijua swali la kwanza lingekuwa jina langu.

16. Usipange ratiba inayovunja sheria.

Sheria ileile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, 45 na siku 6 kwa wiki. Ovataimu ni kwa makubaliano, na haizidi saa 50 katika wiki nne. Hata pakiwa na ovataimu, siku ya kazi haivuki saa 12. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe saa moja ya mapumziko. Mjamzito asipangiwe usiku katika miezi miwili ya mwisho, na anayenyonyesha apewe muda wa kunyonyesha. Bandika masharti haya ukutani kwenye chumba cha wauguzi. Usingoje yaletwe na mwanasheria.

KWA MWAJIRI

17. Lipa stahiki kwa kiwango na kwa tarehe.

Mwanasosholojia Johannes Siegrist alieleza mwaka 1996 kwamba kinachouumiza moyo wa mfanyakazi ni kutoa jasho jingi na kupokea kidogo, na katika kupokea alihesabu mshahara, heshima, usalama wa ajira na kupanda cheo. Kwa sheria hiyohiyo ya ajira, ovataimu ni mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na kila saa ya usiku, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya angalau asilimia 5. Muuguzi anayedai malimbikizo ya miezi minane anaingia wodini akiwa ameshadhulumiwa kabla hajagusa mgonjwa. Na aliyesoma akarudi na cheti cha juu, mpandishe. Asiyepandishwa anahesabu miaka, na akimaliza kuihesabu anaondoka.

18. Usilitumie neno "wito" kufunika upungufu.

Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, tunawasha mishumaa na kurudia kiapo. Mimi kiapo hicho nakipenda, na nimekirudia machozi yakinitoka. Uuguzi ni wito, ndiyo. Lakini aliyeitwa ni muuguzi kumhudumia mgonjwa. Hakuitwa kuziba pengo la ajira ambazo hazikutangazwa, wala kununua glavu kwa mshahara wake. Nightingale mwenyewe hakuiacha kazi yake kwenye taa ya mkononi. Alikusanya takwimu za vifo vya askari wa vita vya Crimea, akazichora kwa michoro, akaipelekea serikali ya nchi yake hadi ikabidi ichukue hatua. Anayetaka kumuenzi aanze kwa kuhesabu.

19. Usilete semina mahali panapohitaji watu.

Wodi ina muuguzi mmoja, nawe unamwita ukumbini saa tatu kumfundisha kupumua kwa kina. Kupumua kwa kina ni kuzuri. Mshauri nasaha ni mzuri pia, mlete na umlipe. Lakini kwanza ziba shimo linalowaangusha watu, ndipo ufundishe namna ya kuanguka. Ajiri. Pale ajira isipowezekana mwaka huu, punguza kazi zisizo za muuguzi: aajiriwe wa kusukuma machela, apatikane wa kuandika bili, faili ziwe sehemu moja, chumba cha kupumzikia kiwe na kitanda, maji na mlango unaofungwa.

20. Timiza wajibu wako kwa OSHA na kwa WCF.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inakuhusu hata kama kiwanda chako ni wodi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, upo kwa ajili ya aliyeumia au kuugua kutokana na kazi, na michango yake inatoka kwako, haikatwi kwenye mshahara wake. Tangu mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani limeyahesabu mazingira salama ya kazi kuwa miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, sawa na kutotumikishwa kwa nguvu. Mfanyakazi naye ajue njia: wa sekta binafsi hupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 kama ameachishwa kazi na siku 60 kwa mengine, naye mtumishi wa umma huanzia kwenye ngazi za utumishi wake hadi Tume ya Utumishi wa Umma. Wote wawili waende na maandishi mkononi.

KWA WA NYUMBANI

21. Usimpokee kwa orodha.

Anapofika asubuhi macho mekundu, gesi iliyokwisha na sare ya mtoto iliyochanika vinaweza kusubiri hadi alasiri. Mpe uji, mpe giza, mpe kimya. Mume anayesema "si ulikuwa umekaa tu wodini" na akae wodi moja usiku mmoja kama ndugu wa mgonjwa.

22. Muulize jambo moja, usikilize mpaka mwisho.

"Leo ilikuwaje?" Halafu usimwambie avumilie. Neno hilo ameshaambiwa na kila mtu.

SHARTI LA MWISHO, KWA WOTE

Kesho asubuhi, kabla hujamkabidhi mwenzako wodi, fungua kitabu cha ripoti kama kawaida. Andika idadi ya wagonjwa, waliolazwa, waliofariki, dripu na dawa. Kisha ongeza mstari ambao sisi hatukuuandika: "Wauguzi wa zamu: 1. Mapumziko: hakuna. Dawa zilizochelewa: 4. Kosa lililokaribia kutokea: 1." Tia saini. Siku inayofuata mwenzako afanye vivyo hivyo, na mwenzake pia. Muuguzi mmoja akiandika hivyo ataitwa mlalamishi. Wodi nzima ikiandika kwa miezi mitatu, hakuna mganga mfawidhi anayeweza kusema hakujua, na inchaji anayekwenda kuomba watu atakuwa na kitu cha kuweka mezani zaidi ya machozi.

Mzee yule alitoka wodini baada ya siku sita, akitembea kwa miguu yake, na akaniaga kwa jina. Kitabu cha ripoti cha usiku ule hakijui kwamba alijiokoa mwenyewe, kwa sababu sikuandika. Wewe andika.